Namba ya Bure Haipigi Dharura

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na nane, Shigela fundi redio alifunga kibanda chake cha Kirumba saa nne asubuhi, akasukuma redio tatu za watu chini ya meza, akazifunika gunia, akaenda mjini kuomba namba ya simu ya bure. Tangazo alikuwa ameliona juzi yake kwenye mlango wa studio ya picha, nyuma ya Posta: NAMBA YA SIMU BURE. PIGA, POKEA, TUMA UJUMBE. BILA WAYA, BILA FOLENI. Chini yake mtu mwingine, mwenye roho yake, alikuwa ameongeza kwa penseli: bila akili.

Foleni Shigela aliijua. Aliomba simu ya waya mwaka tisini, akiwa bado mtunza ghala wa chama cha ushirika, mtu wa kuvaa soksi. Chama kikafilisika, ghala likachukuliwa na mtu wa mitumba, soksi zikatoboka zikaisha, na foleni ya simu ikabaki palepale, yeye akiwa wa mia nne na kumi. Sasa alihitaji simu kuliko alivyowahi kuhitaji soksi. Mkewe, Tereza, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kwa desturi ya kwao Tereza mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Kwa hiyo Tereza alivuka kwenda kisiwani Buzeruka kwa mama yake, Mama Dorotea, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi wa injini. Siku tatu baada ya kuvuka kwake, magugu maji yakaziba ghuba ya kisiwa. Pangaboi za injini zikakabwa. Hakuna mtumbwi ulioingia tena wala kutoka, na Shigela akabaki na kitanda kipana na habari finyu.

"Karibu, mzee wa redio," alisema Collins mwenye studio, Mjaluo wa Rorya aliyekuwa na kompyuta moja, feni moja na kiti kimoja, kwa hiyo mteja alisimama.

"Nimesikia mnagawa namba."

"Tunagawa. Soko huria hili, mzee. Zamani ninyi Wasukuma mliitana kwa kupiga kelele mlima hadi mlima, ng'ombe wakashtuka, maziwa yakakatika. Sasa mtaitana kistaarabu."

"Afadhali ng'ombe washtuke. Ninyi Wajaluo mkisalimiana, samaki wanahamia Uganda."

Collins alicheka, akaanza kujaza fomu. Fomu ilikuwa ya Marekani na ilikuwa na maswali mengi kuliko karani wa mahakama ya mwanzo. Ilitaka jina, ikapewa. Ikataka msimbo wa posta, ikapewa tarakimu tano zilizokuwa mgongoni mwa betri. Ikataka kujua simu ifikishwe wapi. Collins akaandika: upande wa kwanza, kibanda cha redio, Kirumba, upande wa pili, Buzeruka, nyumba yenye mlango wa buluu. Kisha ikaandika kwa upole: Weka namba yako ya simu, tukutumie tarakimu sita za kuthibitisha.

Shigela aliyasoma maneno hayo mara mbili. "Sina simu. Ndiyo maana nimekuja."

"Wanajua. Ila lazima uwe na simu ndipo upewe simu."

"Kama kazi. Lazima uwe na uzoefu ndipo wakupe uzoefu."

"Umeelewa haraka. Wengine hapa huwa wananitukana kwanza."

Bahati Shigela alikuwa bado na ufunguo wa ofisi ya chama. Ofisi ilifungwa miaka mitatu nyuma, lakini simu yake hakuna aliyeiambia. Kupiga kulikatwa, kupokea kukasahaulika. Alienda, akafuta vumbi kwenye kiti cha mwenyekiti, akakaa humo na buibui mpaka simu ikalia. Sauti ya kike ikamsomea tarakimu sita kwa Kiingereza. Aliziandika kiganjani, akarudi mkono ukiwa juu kama mtu anayeomba kujibu swali darasani.

Mwisho wa fomu kulikuwa na ukurasa mrefu wa maandishi madogo. Collins aliuteremsha kwa kasi.

"Haya ni ya wanasheria. Tunabonyeza nakubali."

"Yanasemaje?"

"Yanasema uwe mtu mzuri."

Lakini jicho la Shigela, lililozoea kutafuta waya uliokatika, likadaka mstari mmoja uliokuwa unapita. "Hapo wamesema namba ya bure haipigi dharura. Dharura gani?"

"Polisi, zimamoto, wagonjwa. Wewe umekuja kuongea na mkeo au kuzima moto?"

"Kuongea na mke wangu."

"Basi."

Akabonyeza.

Simu ilifika Alhamisi, saa tatu hivi. Shina la gugu maji lilitoka ziwani pale Mwaloni, soko la samaki, likapita katikati ya dagaa walioanikwa bila kumgusa hata mmoja, likasubiri lori la barafu lipite, likavuka barabara. Wanawake wa dagaa waliliinua kwa kijiti mahali penye matope, kama wanavyoinua kamba ya nguo.

"Msikanyage, simu ya Shigela hiyo," alisema Agutu, mwenye meza ya kwanza.

"Na yeye amepata? Si atatusumbua kwa salamu!"

Shina lilipanda mtaro, likaingia kibandani, likajizungusha kwenye mguu wa meza, na kati ya chuma cha kulehemu na kopo la misumari likachanua ua moja la zambarau. Chini ya ua kulikuwa na vibofu kumi, vimepangwa vizuri. Ukiminya cha kwanza ni moja, cha pili ni mbili, cha kumi ni sifuri. Shigela alikagua, akaona kazi ni safi kuliko redio nyingi zilizopita mikononi mwake.

Saa sita ua lilitetemeka na kutoa mlio kama mvua ndogo kwenye bati. Akaliinua, akaliweka sikioni.

"Kuku," ilisema sauti ya mama wa makamo, "hebu uliza, huko kuna mtu?"

Shigela alisimama wima. Alikuwa ni mkwewe. Tangu aoe, mwaka na nusu, hajawahi kumwona Mama Dorotea uso mzima. Wakikutana njiani, mmoja aligeukia majani mpaka mwingine apite. Kuongea ana kwa ana ndiyo usiseme. Mtu na mkwewe wana adabu yao, na adabu hiyo hupitia kwa mtu wa tatu. Mama Dorotea, asiye mjinga, alikuwa ameingia na kuku wake kwenye simu. Shigela alitazama huku na huku. Kibandani hakuwa na kiumbe. Akaigeukia redio iliyokuwa wazi mezani, matumbo nje.

"Redio, sema yupo. Sema shikamoo."

"Kuku, sema marahaba. Sema anayemtafuta yuko kisimani, na tumbo lake limemtangulia, hao wanakuja."

Ikawa hivyo wiki mbili. Kuku na redio waliheshimiana sana. Tereza naye, akishika ua, alicheka mpaka shina likatikisika hadi Mwaloni. Asipopiga alituma ujumbe, na ujumbe ulitokea kwenye jani, mishipa ikijipanga kuwa herufi. Jani likijaa, maneno yaliishia hapo. Moja lilisema: MAMA ANANILISHA KAMA DUME LA MNADA. NIKIRUDI UTAPANUA MLA. Shigela alielewa kuwa ni mlango, akaupima.

Ijumaa ya tatu, saa mbili asubuhi, jani likaandika: UCHUNGU UMEANZA. ZIMA REDIO ZA WATU UNIOMBEE. Shigela alizizima zote. Hata mwenye kioski jirani aliombwa azime yake, akazima, akauliza mtoto anaitwa nani.

Saa sita ua likalia.

"Kuku, sema mtoto ametoka. Wa kike. Analia vizuri."

"Redio, sema asante. Sema asante mara mbili."

Mtoto alisikika upande wa pili.

"Kuku," sauti ilisema taratibu, "sema kondo la nyuma limegoma. Damu haikati. Mkunga anasema hii ni ya hospitali."

Shigela hakuaga. Aliminya vibofu vya namba ya hospitali, na kabla hajamaliza ua likajifunga, petali kwa petali, kama mtu anayekunja mwavuli. Alipoondoa vidole likafunguka. Akajaribu polisi, likajifunga. Akajaribu zimamoto, maana akili ilikuwa inashika chochote; likajifunga. Akapiga namba ya msaada iliyokuwa kwenye karatasi aliyopewa na Collins. Hiyo ilipokelewa mara moja, na dada mmoja wa Marekani, ambako ilikuwa bado alfajiri. Alisema Kiingereza, na Shigela alimwelewa, kwa sababu huruma haina msamiati mgumu. Dada alisikitika. Alisema namba inafanya kazi vizuri kabisa. Akauliza kama kuna jambo lingine analoweza kumsaidia.

"Hilohilo la kwanza," alisema Shigela.

Dada akamtakia siku njema, na ilionekana anamaanisha.

Basi Shigela akalitwaa ua, akalirudisha kwenye laini ya Buzeruka, akaliweka begani, akatoka mbio kuelekea gatini, shina likimfuata na kurefuka kadiri alivyokwenda. Wanawake wa dagaa walilipisha. Agutu aliacha meza yake, akawa anaondoa mawe mbele ya shina.

Pale gatini ilikuwepo boti ya wagonjwa. Nyeupe, mpya, ya wafadhili, iliyoundwa makusudi kwa ajili ya magugu: mbele ilikuwa na mapanga ya chuma ya kukata njia. Ilifika mwezi wa kwanza. Msimamizi wake, Bwana Maige, alikaa chini ya mwavuli na daftari safi. Dereva alikuwa pembeni anacheza bao na mlinzi.

"Shikamoo, Bwana Maige. Mke wangu yuko Buzeruka, amejifungua, damu haikati. Twende."

"Marahaba. Pole sana, ndugu yangu." Maige alisimama kabisa kuonyesha pole. "Boti ni nzima. Mafuta yapo. Dereva yule pale. Tatizo haijazinduliwa."

"Kwa hiyo?"

"Kuna utepe."

Shigela aliutazama. Ulikuwa mwekundu, umefungwa toka pua ya boti hadi nguzo ya gati, na fundo lake lilikuwa zuri.

"Mgeni rasmi ameahirisha mara mbili," Maige alieleza. "Tukiukata leo, siku akija atakata nini?"

"Ufungueni, mkirudi mfunge."

"Ndugu, hilo fundo alifunga mtu wa itifaki kutoka mkoani. Sisi hapa hatulijui."

Begani, ua likasema: "Shigela? Boti imeondoka?" Ilikuwa sauti ya Tereza mwenyewe, nyembamba, lakini safi kabisa, laini haikuwa na mkwaruzo hata kidogo.

"Inakaribia," alisema Shigela.

"Ina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nzuri."

Dereva alishika kete, hakuicheza. Maige hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, na mkewe alikuwa na uzazi wa nne. "Lete hilo ua," alisema, "nimpigie bosi. Akisema neno moja tu, tunaondoka." Bosi alikuwa hotelini kwenye semina ya magugu maji, siku ya tano kati ya kumi. Maige aliminya vibofu, bosi akapokea, Maige akasema, "Mzee, kuna dharura ya—" na ua likajifunga.

"Usiseme hivyo," dereva alimshauri. "Anza na salamu."

Maige akapiga tena. Akaanza na salamu. Akauliza nyumbani, watoto, semina, chakula cha semina. Kila aliposogea kwenye jambo lenyewe, petali zilianza kukunjana, naye akarudi haraka kwenye salamu, zikafunguka. Alimkaribia kwa upande wa mvua, akamkaribia kwa upande wa hali ya boti, akajaribu hata kupitia afya ya akina mama kwa ujumla. Ua halikudanganyika. Mwishowe bosi alicheka, akasema, "Maige, leo umenikumbuka kweli. Haya, msalimie mama," akakata.

Shigela alilitwaa ua, akalirudisha kwenye laini ya Buzeruka. Kisha akaufuata utepe kwa mkono, akafika kwenye fundo, akaanza kulifungua kwa kucha. Mlinzi akaacha bao, akaja akamshika mkono, si kwa nguvu.

"Kaka, nitafungwa mimi," alisema. "Nina watoto."

Agutu akamtukana mlinzi kwa Kijaluo, kwa kirefu. Mlinzi aliinamisha kichwa, akapokea matusi yote, na mkono hakuuachia.

"Shigela," ua lilisema, "imeondoka?"

"Imeondoka sasa hivi. Sikiliza." Akamtazama dereva. Dereva alielewa, akaweka midomo yake karibu na ua, akanguruma kama injini, mwanzo chini, kisha juu. Alikuwa hodari, kazi yake hiyo.

"Naisikia," alisema Tereza. "Waambie wasikimbie sana. Wewe mwenyewe maji unayaogopa."

"Nitakaa katikati."

"Mtoto ana masikio yako. Pole yake." Alicheka kidogo, na kicheko kikaishia njiani.

Dereva aliendelea kunguruma. Sauti ilipomkauka, mlinzi akampokea kunguruma, mkono mmoja ukiwa bado umemshika Shigela. Saa kumi kasorobo upande wa pili ulinyamaza. Walisikia miguu, mlango, mtu akiita jina la Tereza, akiliita tena. Kuku akalia kidogo mahali karibu. Kisha Mama Dorotea akashika ua, na safari hii kuku hakutumwa.

"Shigela," alisema. "Mwanangu."

Agutu akaketi chini palepale. Dereva alizirudisha kete zote kwenye shimo moja. Kila mtu gatini alikuwa mkwe wa mtu, na mama mkwe hamwiti mkwewe hivyo kwa jambo dogo.

Walimzika Tereza Jumapili. Shigela alihudhuria kutokea kibandani, ua likiwa sikioni. Alisikia wimbo, akasikia udongo. Matanga ya Kirumba yaliwekwa mbele ya kibanda. Collins alikuja, akakaa chini, siku tatu hakufanya utani hata mmoja. Siku ya nne alisema wanaweza kupeleka malalamiko, kuna fomu. Walipofungua fomu, ilitaka tarehe ya tatizo na aina ya tatizo, na kati ya aina zilizokuwepo iliyokaribia zaidi ilikuwa "sauti haisikiki vizuri." Shigela alisema sauti ilisikika vizuri. Wakaiacha.

Watu wengine nao wakaomba namba. Kufikia mwezi wa sita mashina yaliyotoka Mwaloni yalikuwa mengi kiasi kwamba dagaa walianikwa juu yake, na wafanyabiashara walipiga simu Dubai kuagiza mali wakiwa wameshika ndala ya mfano mkononi. Magugu ghubani yakazidi, maana kila namba mpya ilihitaji mizizi. Watu wa mradi walikuja kupima, wakaandika kwamba mawasiliano visiwani yameboreka.

Mtoto aliitwa Selina. Alinyweshwa maziwa ya mbuzi, na kila alasiri bibi yake aliliweka ua karibu na sikio lake, Shigela akaongea. Hakuwa na hadithi nyingi. Alimweleza habari za redio: hii imeungua koili, hii mwenyewe ameitumbukiza kwenye mtori, hii haina ugonjwa wowote isipokuwa betri. Mtoto alianza kunyamaza akisikia sauti hiyo, baadaye akaanza kuicheka, baadaye akawa anaililia ikichelewa. Kuku alirudishwa kazini. "Kuku, sema ameota jino." "Redio, sema nimefurahi."

Mwezi wa kumi mgeni rasmi akapatikana. Ngoma zilipigwa, soda zikagawiwa, utepe ukakatwa na mkasi uliolazwa kwenye mto mdogo. Safari ya kwanza ya boti ilipangwa kwenda Buzeruka kusimika kibao chenye jina la mradi. Bwana Maige alimtafutia Shigela nafasi kati ya viti vya wageni. Mapanga ya chuma yalifanya kazi vizuri sana. Walitumia saa moja na dakika kumi, na penye mashina ya simu dereva aliinua mapanga, kwa sababu kulikuwa na agizo la kutoharibu mawasiliano.

Mlango wa buluu ulikuwa wazi. Mama Dorotea alikuwa amegeukia ukuta, kitenge kichwani.

"Kuku," alisema, "sema mtoto wake huyo hapo kwenye mkeka."

Shigela alimwinua Selina. Masikio yalikuwa yake kweli. Mtoto alimtazama yule mwanamume mwenye ndevu, akatazama mlango, akalia. Alimbembeleza, akalia zaidi; akamzungusha, akalia mpaka kwikwi zikamshika na uso ukaiva. Shigela alijaribu kusema naye, lakini sauti ikitoka kwenye uso ule mtoto hakuitaka. Mwishowe akamrudisha kwenye mkeka, akatoka nje, akapita kaburi, akaketi nyuma ya nyumba kwenye jua, mgongo ukiwa ukutani. Shina la simu lilipita hapohapo likielekea dirishani, na karibu na goti lake lilikuwa limechipua ua dogo la pili. Akaminya vibofu.

Ndani ua likalia. Akasikia nyayo za mkwewe, kisha ua likiwekwa sikioni mwa mtoto.

"Haloo, Selina," alisema Shigela. "Leo nimepokea redio moja, National, ya mchungaji. Haishiki stesheni yoyote isipokuwa Burundi."

Nyuma ya ukuta, mkono mmoja tu kutoka alipoketi, kilio kilipungua, kikawa kwikwi, kikawa kicheko. Kule chini boti ikapiga honi: ilitakiwa iwe imerudi na kufunikwa turubai kabla ya jua kuzama. Shigela aligeuka, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta, akaendelea kumweleza juu ya Burundi.